Subira Huvuta Heri: Heri ya Nani?

Wahenga walituachia methali zinazokinzana. Walisema haraka haraka haina baraka, kisha wakageuka wakanena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba ukinzani huu si kosa la wahenga. Methali hukamilika katika muktadha wake: nani anaisema, anamwambia nani, na kwa manufaa ya nani. Katika makala hii ninanuia kulitumia funzo hilo kuutazama mjadala unaozuka nchini Marekani kila mwanzo wa mwaka: je, mlinzi wa kandanda ya Kimarekani aliye chuo kikuu ajitose mapema katika ligi ya kulipwa, au asubiri hadi misimu yake ya chuo itimie?

Kandanda ya Kimarekani inakaribiana na raga kuliko soka. Kila timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, na kazi ya mlinzi ni kuwakabili na kuwaangusha wapinzani kwa nguvu za mwili wake. Wakenya si wageni kabisa katika safu hiyo: Daniel Adongo, aliyekuwa mchezaji wa raga, alisajiliwa na timu ya Indianapolis Colts mwaka wa 2013 akiwa mlinzi, bila kupitia chuo chochote cha Marekani. Hata hivyo, vijana wa Marekani wenyewe karibu wote hupitia mlango mmoja. Huenda chuo kikuu, kisha husubiri uteuzi wa kila mwaka ambapo timu 32 za ligi ya NFL hugawana wachezaji katika raundi 7. Kanuni ya ligi humtaka kijana awe amemaliza shule ya upili angalau miaka 3 iliyopita. Chuoni, kwa kawaida, ana misimu 4 ya kucheza. Anayeondoka baada ya msimu wa tatu ndiye anayelaumiwa kwa pupa.

Wanaomlaumu humwambia kuwa subira huvuta heri. Nionavyo mimi, methali hiyo ni ya kweli, lakini haina budi kuulizwa swali moja kabla ya kukubaliwa: heri inayovutwa ni ya nani?

Tumtazame Jadeveon Clowney wa Chuo Kikuu cha South Carolina. Mnamo Januari 1, 2013, akiwa na misimu 2 tu chuoni, alimgonga mchezaji wa Michigan kwa kishindo kilichomfanya ajulikane nchi nzima. Wadadisi walianza kubishana iwapo heri asicheze kabisa msimu uliofuata, maadamu kanuni ilimzuia kuingia NFL na jeraha moja lingeweza kumharibia kila kitu. Alicheza, na mwezi wa Mei mwaka wa 2014 akateuliwa wa kwanza kabisa na Houston Texans, kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 22. Katika mechi yake ya kwanza ya msimu huo aliumia goti, na kabla ya mwaka kwisha akafanyiwa upasuaji mkubwa. Goti hilo lingeweza kuumia mwaka mmoja mapema. Lingeumia chuoni, chuo kingempa pole na daktari. Liliumia baada ya mkataba kutiwa sahihi, naye akabaki na riziki yake.

Jaylon Smith wa Notre Dame hakuwa na bahati hiyo. Wengi walitarajia awe miongoni mwa wateule wa mwanzo kabisa. Mnamo Januari 1, 2016, katika mechi ya mwisho ya msimu wake wa tatu, kano za goti lake zilikatika na neva ikadhurika. Aliteuliwa wa 34, katika raundi ya pili, na hakucheza hata mechi moja msimu huo. Mchezo mmoja uliochezwa kwa jina la chuo ulimpunguzia thamani ambayo chuo hakikuwa na wajibu wa kuifidia.

Fauka ya hayo, hesabu yenyewe ya fedha ilibadilika. Ndamukong Suh, mlinzi wa Nebraska, alibakia chuoni hadi msimu wake wa mwisho, akateuliwa wa pili mwaka wa 2010 na kuhakikishiwa dola milioni 40. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kuweka kikomo cha malipo ya wateule wapya. Von Miller, naye mlinzi, naye wa pili, naye aliyekamilisha misimu yake chuoni, akapata takribani milioni 21 kwa miaka 4. Tangu hapo fedha nyingi zimo katika mkataba wa pili. Kila mwaka anaobakia chuoni mlinzi huusukuma mbali mkataba huo, ilhali mwili wake unazidi kuchakaa.

Hata mahakama haikumsaidia mwenye haraka. Maurice Clarett, mshambulizi wa Ohio State, aliishtaki ligi akitaka kuingia kabla ya miaka 3 kutimia. Alishinda mapema mwaka wa 2004, kisha mahakama ya rufaa ikaubatilisha ushindi huo miezi michache baadaye, kwa hoja kwamba masharti ya kuingia kazini ni suala la makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji. Maana yake ni kwamba waliokwisha kuingia ndio waliokuwa na sauti kuhusu mlango wa wasioingia.

Sisemi kwamba haraka haina hasara. Vontaze Burfict wa Arizona State aliondoka mapema mwaka wa 2012, raundi zote 7 zikapita bila jina lake kutajwa; ilimbidi aanzie chini kabisa huko Cincinnati. Aidan Hutchinson wa Michigan, kwa upande wake, aliumia mwaka wa 2020, akaamua kurudi chuoni, na mwaka wa 2022 akateuliwa wa pili. Subira ilimfaa. Lakini tuzingatie kwamba Hutchinson aliipima hali yake mwenyewe. Subira aliyoichagua mtu ni tofauti na subira aliyohubiriwa na kocha anayelipwa mamilioni ya dola kwa mwaka na anayemhitaji Jumamosi ijayo.

Wapo watakaosema kuwa tunapuuza elimu. Hoja hii ni nzito, hasa katika jarida la wanafunzi. Hata hivyo, darasa lina subira kuliko goti. Mtu aweza kurejea chuoni akiwa na miaka 35 akaikamilisha shahada yake. Hawezi kurejea uwanjani katika umri huo na kuanza kazi ya ulinzi upya.

Ushahidi mkubwa zaidi umeletwa na wakati. Kuanzia Julai 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka wa 2025 vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Tangu hapo idadi ya wanaoondoka mapema imepungua sana ikilinganishwa na mwaka wa 2021. Vijana hawakugeuka ghafla wakawa wapenzi wa vitabu, wala methali hazikuanza kuwaingia masikioni. Walilipwa, wakasubiri. Kumbe kile kilichoitwa pupa kwa miaka mingi kilikuwa hesabu sahihi ya mtu aliyetakiwa kusubiri bure.

Kwa hivyo, anayetaka mlinzi kijana asubiri na awe tayari kubeba sehemu ya hasara: amlipe, amkatie bima, amhakikishie nafasi ya masomo hata baada ya kuumia. Asiyeweza kufanya hayo amwache kijana apime mwenyewe. Nasi wanafunzi wa Kiswahili, tunaozikusanya methali na kuzifasiri, tusikome kwenye maana ya maneno. Tumtazame pia anayezitamka, na tuulize ni kipi atakachopoteza yeye iwapo subira haitavuta heri.