Mchezo wa bunduki kwenye PlayStation: tusifunge vyumba, tuweke masharti

Wiki hii wazazi wawili wameniuliza swali moja: vyumba vya PlayStation vilivyojaa katika mitaa yetu vifungwe au viachwe? Wote wawili ni wahami wa vita, na wote wawili wana watoto wa kiume wanaoshinda humo kutwa. Nimekwenda kuangalia mwenyewe. Haya ndiyo maoni yangu.

Chumba nilichoingia ni cha mbao, kina televisheni tatu. Mbili zilikuwa na mpira wa FIFA. Ya tatu ilikuwa na Call of Duty, mchezo wa bunduki. Vijana wawili walishika maneti, kioo kimegawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja anamtafuta mwenzake ampige risasi. Wengine kumi walisimama nyuma wakipiga kelele. Bomu likalipuka katika televisheni, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Mtoto mmoja aliyekuwa mlangoni, wa miaka kumi hivi, akalala chini kifudifudi. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Mama yake aliniambia baadaye kwamba walikimbia kutoka Masisi.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Mchezo wa kupigana risasi watu wengi pamoja ulipoingia kwenye mashine za nyumbani, ulikuwa wa kuchezwa bega kwa bega. GoldenEye 007, uliotoka mwaka 1997 kwa ajili ya Nintendo 64, uliwakalisha watu wanne mbele ya televisheni moja. Halo ulifuata mwaka 2001 kwenye Xbox. Leo mambo yamegeuka. Warzone, ulipotoka mwaka 2020, uliweka hadi watu 150 katika uwanja mmoja, kila mtu nyumbani kwake, kwa intaneti. Battlefield 2042 wa mwaka 2021 hauchezeki kabisa bila intaneti. Na kwenye PlayStation 4, michezo mingi ya kununua inadai tena malipo ya kila mwezi au mwaka ili ucheze na walio mbali.

Kwetu sisi mambo hayo ni ya mbali. Nani atanunua mega za kupakua mchezo wenye zaidi ya gigabaiti 100? Umeme wenyewe unakuja na kukatika. Kwa hiyo katika mitaa yetu unaishi mchezo wa zamani: diski, PlayStation 3 iliyopitia mikono mingi, maneti mbili na televisheni moja. Vijana wengi wanalalamika kwamba tumebaki nyuma. Mimi naona hapo tuna bahati. Anayecheza kwa intaneti na mtu asiyemjua anaweza kutukanwa usiku kucha na mzazi asijue. Hapa kwetu aliyekushinda ameketi pembeni yako. Mkigombana, mwenye chumba anawatoa nje nyote wawili. Mkubwa anaona kila kitu, akitaka kuona.

Ndiyo maana siungi mkono kufunga vyumba hivi. Kijana asiye na shule, ambaye familia yake ya watu wanane inalala katika nyumba ya kupangisha ya chumba kimoja, aende wapi mchana? Ukimfungia mlango wa chumba cha michezo, barabara inamsubiri, na barabarani wapo wanaotafuta vijana wa kupeleka msituni. Tumeshuhudia makadogo katika vita vyote tangu mwaka 1996. Hatuhitaji kufundishwa tena.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari ya mchezo huu. Katika Call of Duty, aliyeuawa anarudi mzima baada ya sekunde chache, na bunduki yake mkononi. Hakuna mazishi. Hakuna mama anayetafuta mtoto wake njiani kwa siku tatu. Bunduki inaonekana kitu chepesi, kitu cha kupata pointi. Mtoto aliyelala chini pale mlangoni anajua kwamba si hivyo. Wale waliomcheka bado hawajajua, na hao ndio ninaowahofia zaidi.

Tusisahau kwamba ndani ya mashine za namna hii kuna tantali, na tantali inatoka katika coltan, ile inayochimbwa Rubaya, katika Masisi ileile. Huenda mtoto amekimbia machimbo, halafu anakuta jiwe la kwao limerudi likiwa mchezo wa vita, naye analipishwa ili acheze.

Je, tufanye nini? Huko Ulaya, michezo mingi ya namna hii imeandikwa 18 kwenye ganda lake, maana yake si ya watoto. Namba hiyo ipo hata kwenye diski nyingi zinazofika hapa, ila hakuna anayeitazama. Wenye vyumba waitazame. Mimi napendekeza masharti manne. Asubuhi na mchana, wakati watoto wadogo wapo, iwe mpira na magari tu. Mchezo wa bunduki uchezwe jioni, na wakubwa, televisheni ikielekezwa mbali na mlango. Sauti ipunguzwe, kwa sababu katika kila avenyu yetu kuna mtu anayeshtuka akisikia mlio. Na anayemcheka mtoto aliyeogopa arudishe maneti.

Lipo jambo jingine la kuiga. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu liliwaalika wachezaji wa michezo ya bunduki kufuata sheria za vita ndani ya mchezo: usimpige aliyekwisha kuanguka, usiwapige wasiopigana, usishambulie majengo ya raia, mpe dawa hata adui. Mwenye chumba aandike maneno hayo kwa makaa ukutani. Vijana watabishana juu yake, na mabishano hayo ni somo.

Nanyi wazazi, msiseme tu «acha». Ingieni siku moja, mketi dakika kumi, mumwulize mtoto: katika huu mchezo, raia wako wapi? Mara nyingi atatafuta na asiwaone. Hapo mwelezeni wako wapi, kwa kuwa nyinyi mnajua.

Wakubwa wa avenyu wanaweza kuwaita wenye vyumba hata Jumapili hii. Haihitaji pesa wala karatasi ya serikali. Yule mtoto wa Masisi nilimkuta tena jana, kwenye televisheni ya mpira, amefunga mabao mawili. Apate basi mahali pa kucheza bila kulala chini.