Tiketi Mbili za Kwenda Pemba

Akina mama wapendwa, mwezi huu nawaomba mnivumilie, maana nitazungumza habari za nyumba yangu mwenyewe. Wengi wenu huniandikia mkiuliza mama afanye nini pale bwana anapokuwa ameamua jambo na moyo wake unalikataa. Sina jibu la kitabuni. Ninayo safari moja tu, ya kwenda Pemba mwezi wa Agosti 2013, ambayo sijawahi kuisimulia yote.

Binti yetu alikuwa akifundisha shule huko Chake Chake, naye alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Sisi tunakaa Morogoro. Kwa wasioijua njia hiyo, unapanda basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kisha boti nyingine hadi Mkoani, bandari iliyo kusini mwa Pemba, halafu gari. Nilibeba unga wa ulezi, pilipili manga za uji wa mzazi, kanga mbili mpya, na jogoo mmoja hai ndani ya tenga. Baba watoto alinicheka kwa ajili ya jogoo yule. Pemba hakuna kuku? Lakini mwanangu hakuwa amezaa kila siku.

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja tulikwenda kwa raha. Baba watoto alisimama nje, upepo ukimpiga, akinionyesha visiwa kana kwamba ni yeye aliyeviweka pale.

Matatizo yalianzia bandarini Unguja, jioni. Tiketi za Pemba alikuwa amekwisha kuzinunua, za boti ya usiku, ya bei nafuu. Nilipoiona nikasimama. Magunia ya mchele, magodoro, friji, pikipiki, na watu wamekaa hadi kwenye ngazi, wengine wakiendelea kuingia. Nikakumbuka MV Spice Islander. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 iliondoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, na baada ya saa sita usiku ikazama upande wa Nungwi. Miili 203 ilipatikana, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena. Baadhi ya waliopona walielea juu ya magodoro. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Msiba wa kwanza ulikuwa haujatimiza hata miaka miwili, na mimi ninatazama magodoro yanapakiwa.

Nikasema, "Baba watoto, mimi sipandi."

"Mama, tiketi hazirudishwi."

"Najua."

"Kwa hiyo watu wote hawa ni wajinga, mwenye akili ni wewe?"

Nikakaa juu ya mzigo wangu, tenga la jogoo mapajani. "Sipandi, na wewe hupandi."

Najua wapo watakaosema mke mwema humtii mumewe. Mimi mwenyewe nimeyafundisha hayo katika semina zetu. Katika miaka 26 ya ndoa nilikuwa sijapata kumkatalia bwana wangu mbele za watu. Siku ile sikuweza kufanya vingine. Boti ikaondoka, sisi tumebaki gatini na tiketi mbili zisizo na kazi.

Tulilala nyumba ya wageni. Yeye aligeukia ukutani. Mimi nikaomba Mungu aifikishe salama boti ile, na nawakiria kwamba kulikuwa na pembe moja ya moyo wangu iliyotamani nionekane nilikuwa nimesema kweli. Sijui ombi la namna hiyo hupokelewaje.

Asubuhi tukapata habari kuwa boti imefika Mkoani, watu wote wazima. "Imefika," akasema baba watoto. Neno moja tu, nalo lilinichoma kuliko ugomvi wa jana.

Tiketi za boti ya mchana nilizilipa mimi, kwa fedha niliyoifunga kwenye pindo la kanga kwa ajili ya mjukuu. Yeye akatazama pembeni.

Hadi Nungwi bahari ilikuwa shwari, maana kisiwa kinakinga upepo wa kusi. Mkiimaliza Unguja, kinga imekwisha, na mkondo wa Nungwi wenyeji wanauheshimu. Wataalamu husema zamani Unguja iliungana na bara, lakini Pemba ilijitenga mamilioni ya miaka iliyopita, na bahari kati yake na bara ina kina cha mamia ya mita. Mawimbi yakatujia ubavuni. Boti ikapanda, ikashuka, ikalala upande. Mabaharia wakapita wakigawa mifuko. Baba watoto, yule wa kunionyesha visiwa, akatapika mpaka akabaki hana kitu tumboni. Jogoo alikuwa mzima.

Bibi mmoja wa Kipemba aliyeketi jirani, tasbihi mkononi, akanipa ndimu. "Mpe ainuse, mwanangu. Na umwambie atazame mbali, asitazame chini." Akaendelea na dua zake, nami na sala zangu.

Ndipo baba watoto aliponiambia, kichwa kikiwa begani pangu, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie: "Mama watoto, fedha sina." Alikuwa amepunguzwa kazini miezi mitatu nyuma. Kila asubuhi alitoka na mkoba wake kama kawaida, akaenda kukaa kwa rafiki. Fedha ya safari aliikopa. Ndiyo maana ya boti ya bei nafuu.

Nisiwadanganye, akina mama, hasira ilitangulia huruma. Miezi mitatu! Na mashati yale nilikuwa nikiyafua na kuyapiga pasi kila siku. Nilitaka kumwuliza mengi, lakini wimbi likatuinua tena na nikalazimika kumshikia mfuko.

Tulifika Mkoani tumelowa. Njiani kwenda Chake karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, harufu yake ikaingia garini na ikamtuliza mgonjwa wangu kuliko ndimu. Mtoto tulimkuta mzuri, mnene. Binti yetu alitutazama mara moja tu akajua tuna jambo. Siku tisa tulizokaa, jioni akishalala, sisi tulikaa barazani na karatasi, tukiandika deni ni kiasi gani na nani atalipa nini. Siku mbili tuliinuka bila kupatana. Kazi alikuja kuipata baada ya mwaka, tena si kama ile ya kwanza.

Siku ya kurudi, safari hii kusi ikiwa mbele yetu, hakukata tiketi mapema. Alinikalisha kivulini Mkoani, akaenda hadi gatini, akasimama kwa muda mrefu akiitazama boti na watu wanaoingia. Kisha akarudi, fedha ikiwa bado mkononi.

"Mama watoto, unaionaje?"

Nikainuka nikaenda kuitazama. Watu walikuwa wengi, lakini kila mmoja ana mahali pa kukaa, na ngazi ziko wazi.

"Hii tupande," nikamwambia. "Lakini wewe utakaa nje. Ndimu zimo kikapuni."