Mnyampala asikosekane kwenye orodha zetu

Tunapotajiana vitabu tuvipendavyo majina hujirudia: Shaaban Robert, Kezilahabi, Shafi Adam Shafi. Wanastahili. Lakini msomaji wa Dodoma anayemsahau Mathias Mnyampala anamwacha mwandishi wa nyumbani kabisa. Alizaliwa Ugogo mwaka 1917, wakati njaa kuu ya Mtunya ikikaribia kuikumba nchi hiyo, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikiandika kwa Kiswahili, si Kigogo, na kwa hiyo Mnyamwezi, Mrangi na Mzaramo nao waliweza kuisoma nchi hii kavu kwa maneno ya mtu wake.

Wapo watakaosema kimepitwa na wakati, kwamba kinawatazama mno watemi na kiliandikwa chini ya mkoloni. Hoja hiyo ina uzito, ila ni sababu ya kukisoma kwa kukihoji, si ya kukitupa. Wengine watasema ushairi wake ni mgumu. Hapo sikubaliani hata kidogo. Huyu ndiye aliyeipa ngonjera nguvu: mmoja anauliza kwa ubeti, mwenzake anamjibu kwa ubeti, na hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kusimama mbele ya wenzake akaighani. Shida ya kweli ni kwamba nakala zake si rahisi kuzipata. Basi mwenye nayo amwazime mwenzake, na anayemsoma sasa atuambie amefika wapi.