Kioo cha volkano kinavyomeza mbolea ya mkulima Rungwe

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

RAIS Samia Suluhu Hassan alipozindua mpango wa ruzuku ya mbolea jijini Mbeya, Agosti 8, 2022, kilio kikubwa cha wakulima kilikuwa bei. Katika msimu huo wa 2022/23, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia aina ya DAP ulishushwa hadi Sh70,000.

Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo, kwa mkulima wa Rungwe bei ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine imo ndani ya udongo wenyewe, udongo uliotokana na kioo.

Kioo hicho si cha dirishani. Takribani miaka 4,000 iliyopita, Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kumwaga majivu pamoja na mawe mepesi yenye vitundu vitundu juu ya nchi yote inayouzunguka.

Mwamba ulioyeyuka unapopoa taratibu, atomi za silikoni na oksijeni hupata muda wa kujipanga safu kwa safu, mithili ya matofali ukutani, na kuwa fuwele. Unaporushwa hewani hupoa ghafla, na atomi hizo huganda pale pale zilipo, bila mpangilio. Mwamba wa namna hiyo ndio kioo.

Ukuta uliojengwa ovyo haukawii kubomoka. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na maji hayo hukivunja kioo cha volkano haraka kuliko yanavyovunja fuwele, yakiachia potasiamu, kalsiamu na virutubisho vingine. Hapo ndipo ilipo siri ya migomba, chai, viazi na parachichi za wilaya hiyo.

Lakini neema hiyo ina upande wa pili. Kioo kinapokwisha kuoza, huacha chembe ndogo mno za alumini na silika, nazo zikiwa hazina mpangilio kamili. Wataalamu wa udongo huziita alofani. Udogo wake huzipa eneo kubwa la kunasia vitu: gramu moja tu inaweza kuwa na uso wa mamia ya mita za mraba. Alumini iliyo kwenye uso huo huikamata fosfati na kutoiachia kwa urahisi. Mahali penye mboji nyingi, alumini iliyoungana na mboji hufanya kazi hiyo hiyo.

Mfuko mmoja wa DAP una takribani kilo 10 tu za fosforasi halisi. Ikitawanywa shamba zima, sehemu kubwa hunaswa kabla mizizi haijaifikia. Mazao yakidumaa, mkulima hudhani ameuziwa mbolea bandia, au huongeza mfuko mwingine. Fedha yake, na ile ya Serikali iliyolipa ruzuku, hubaki imefungwa ardhini.

Dawa ipo, na haihitaji mitambo mikubwa. Mbolea ya kupandia ikiwekwa karibu na mbegu badala ya kutawanywa, hugusana na udongo mchache. Samadi husaidia, kwa kuwa asidi zake hushindana na fosfati kushika nafasi kwenye alumini. Penye udongo wenye tindikali kali, chokaa hupunguza makali ya alumini.

Kipi kifanyike wapi, na kwa kiasi gani, ni swali linalojibiwa na kipimo cha udongo. Mkoa wa Mbeya una kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, kisicho mbali na Rungwe. Kinachotakiwa ni kipimo hicho kumfikia mkulima kabla ya mfuko, na ofisa ugani kumsomea majibu yake akiwa shambani.

Mafanikio ya ruzuku huelezwa kwa idadi ya mifuko iliyosambazwa. Kwa Rungwe, kipimo cha haki kingekuwa kiasi cha mbolea kilichofika kwenye mmea.