Barabara si ya magari peke yake

Ajali ikitokea kwenye barabara ya Sake–Goma, kuna wanaolaumu kwanza mwenye kinga: alikuwa katikati ya njia. Angepita wapi? Pembeni ni mawe ya volkano. Lami imeachiwa magari. Na bado makala na mboga vinafika mjini kwa kinga na chukudu, na waliokimbia vita wanatafuta chakula kwa kazi hiyo.

Dereva mwenye usukani kuume haoni vizuri mbele anapotaka kupita lori, lakini anapita. Huyo ndiye wa kusimamishwa. Kumtoza feza mwenye chukudu hakumlindi mtu.

Viongozi watenge njia ya pembeni na wapunguze mbio za malori. Wenye kinga nao wasitembee usiku bila taa.