Wanakariri istilahi, vitabu hawajavigusa

KWA miaka mingi mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne umewataka watahiniwa waandike insha kutokana na riwaya, tamthilia na mashairi waliyosoma. Nia ni njema. Lakini kinachoendelea katika madarasa mengi ya sekondari nchini kinatisha. Wanafunzi wanaingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa na madesa kichwani, na vitabu vyenyewe hawajavifungua. Wanajua kutaja dhamira, wahusika na tamathali za semi za riwaya ambayo hawajawahi kuishika.

Hali hii imezoeleka kiasi kwamba haionekani tena kuwa ni tatizo. Mwalimu ana wanafunzi wengi na nakala chache, basi anaandika muhtasari ubaoni. Vituo vya tuisheni vinauza vitini vya maswali na majibu. Simu nayo inatoa muhtasari wa riwaya nzima kwa dakika moja. Juu ya hayo, mwanafunzi anapewa orodha ya maneno magumu ya kupambia insha, ayamwage hata asipojua yanavyotumika.

Gazeti hili linasema huko siko kujifunza lugha. Anayejua kutaja foromali, mkuku na usukani hajawa nahodha.

Chukua mfano wa The Lion and the Jewel, tamthilia ya Wole Soyinka iliyopanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Ndani yake yumo Lakunle, mwalimu wa shule ya kijijini, anayemmiminia Sidi maneno mazito ya Kiingereza aliyoyatoa kwenye kamusi ndogo, huku akijigamba kwamba ameagiza iliyo kubwa zaidi. Maneno hayo hayamfikishi popote. Sidi anaolewa na mzee Baroka, mkuu wa kijiji. Aliyeisoma tamthilia hii atacheka, kisha atajiuliza Soyinka yuko upande wa nani, na hapo atakuwa ameelewa kinaya bila kuandikiwa fasili yake. Aliyekariri madesa ataandika kwamba dhamira ni mgogoro wa ukale na usasa, basi. Na bado wote wawili wanaweza kupata alama zilezile. Hapo ndipo penye hatari.

Vitabu vingine vilivyozoeleka shuleni vinagusa maisha ya vijana wetu moja kwa moja. Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone inahusu ukeketaji. Passed Like a Shadow ya Mtanzania Bernard Mapalala inaonyesha UKIMWI unavyoiangamiza familia. Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni inamhusu binti ambaye wazee wanapatana mahari yake bila kumuuliza anampenda nani. Kijana akikabidhiwa kazi hizi zikiwa zimekatwakatwa kuwa vipengele vya kukariri, anakosa lugha, na anakosa pia mjadala ambao angeuhitaji nyumbani kwake.

Kuhusu msamiati, ushahidi upo. Mwaka 2006 Paul Nation, mtaalamu wa isimu wa New Zealand, alionyesha kwamba ili mtu asome riwaya ya Kiingereza bila msaada, anahitaji kujua familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000, yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo. Akifika hapo, hukwama kwenye neno moja tu katika kila maneno 50. Hakuna orodha ya ubaoni itakayomfikisha mtoto huko. Neno hukaa kichwani kwa kukutana nalo mara nyingi, kila mara likiwa katika sentensi nyingine, na mahali pa kukutana nalo ni vitabuni. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza akakuta karibu masomo yote yako kwa Kiingereza, anahitaji kwanza vitabu vyepesi vinavyosomeka. Maneno ya kujionyesha hayamsaidii.

Wala wanafunzi hawa hawaanzi mikono mitupu. Tashbihi, sitiari, tashihisi na takriri wanafundishwa katika somo la Kiswahili. Mwalimu wa Kiingereza anayeanzia hapo anawapunguzia mzigo mkubwa. Lugha hizi mbili zimekwisha kukutana kwenye fasihi: Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake nyingine, Mabepari wa Venisi. Kazi ya namna hiyo hufanywa na mtu aliyesoma mstari kwa mstari. Mwenye muhtasari hawezi hata kuianza.

Tunaitaka Wizara ya Elimu ihakikishe nakala za vitabu vya fasihi zinafika shuleni kwa idadi inayowatosha wanafunzi, na ratiba ya wiki iwe na kipindi cha kusoma tu, kisicho na kazi ya kunakili. Baraza la Mitihani liweke dondoo ambalo mtahiniwa hajawahi kuliona, aeleze mwandishi anafanya nini na kwa nini. Swali kama hilo halijibiwi kwa madesa. Wakuu wa shule wafungue makabati ambamo vitabu vimefungiwa kwa hofu ya kuchakaa. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake. Nao wazazi wanaolipia tuisheni waulize watoto wao wamesoma kitabu gani muhula huu.

Mtihani ukiendelea kulipa ukariri, shule zitaendelea kuuzalisha, na kila mwaka tutatoa wahitimu wenye istilahi nyingi wasioweza kusoma ukurasa mmoja na kuuelewa. Hili linarekebishika, na lianze kurekebishwa muhula huu. Nawe mwanafunzi, usingoje waraka wa Wizara: weka madesa kando, uanze kitabu ukurasa wa kwanza.