Mvua ya Mawe ya Kericho Haikutoka Ulaya

Hivi majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili katika nyanda za chai za Kericho. Mada yangu ilikuwa istilahi za Kiswahili. Ilipogonga saa tisa mchana, kishindo kilianza juu ya mabati, na kwa robo saa nzima hatukusikizana. Mvua ya mawe ilikuwa imeshuka. Ilipotulia, niliwauliza wanafunzi mawe yale yalitoka wapi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akaeleza, kwa Kiingereza fasaha, jinsi hewa baridi inavyojipenyeza chini ya hewa vuguvugu na kuisukuma juu, kisha akachora ubaoni ule mstari wenye meno ya pembetatu. Mchoro wake ulikuwa sahihi kabisa, ila ulikuwa mchoro wa Ulaya.

Nadharia hiyo iliasisiwa mjini Bergen, Norwe, na Jacob Bjerknes na wenzake, mara tu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Jina lenyewe walilikopa vitani: majeshi mawili ya hewa yanayokabiliana kwenye mstari mmoja, la baridi kutoka ncha ya dunia na la joto kutoka kusini. Huko kwao nadharia inafaa sana. Mstari kama huo ukifika kwenye milima ya Alps wakati wa kiangazi, aghalabu huamsha dhoruba za mvua ya mawe zinazoharibu mizabibu na matunda. Lakini hapa ikweta hali ni tofauti. Hewa ya upande mmoja haipitani sana kwa joto na ya upande wa pili, na ile nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, ambayo huko ndiyo inayoipinda mikondo ya hewa, kwetu ni hafifu mno. Majeshi ya Bjerknes hayafiki Kericho.

Mbona basi Kericho na Nandi hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani? Jibu liko karibu na mlango wa mwanafunzi. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita mraba zipatazo 68,000. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wenye unyevu huanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea milimani. Kwa upande wa pili, upepo wa mashariki huwa unakuja ukivuka nyanda za juu. Mchana pepo hizi mbili hukutana kwenye miinuko ya Nandi na Mau. Zikikosa pa kwenda, hupaa, na mlima wenyewe huzisukuma zaidi. Ndiyo maana mawe huanguka alasiri, na si alfajiri.

Ndani ya wingu, mkondo huo unaopaa huyainua matone hadi penye baridi ya kugandisha, na barafu hukua tabaka juu ya tabaka mpaka uzito wake uushinde mkondo. Katika nchi zetu kiwango cha kuganda kiko yapata mita 4,500 hadi 5,000 juu ya bahari. Kericho iko kwenye mita 2,000 na ushei, kwa hiyo jiwe lina safari fupi na hufika chini kabla halijayeyuka. Lile la Kisumu husafiri karibu kilomita moja zaidi katika hewa yenye joto, na aghalabu hufika likiwa tone la mvua tu. Mkulima wa chai huyajua matokeo yake bila darasa: chipukizi na majani mawili aliyotarajia kuyachuma huwa yamechanika. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba walifikia hatua ya kufyatua roketi za baruti mawinguni.

Lugha nayo ina hatia yake. Mnamo Septemba 2008, barafu ilipotanda ardhini karibu na Nyahururu, wengi walitangaza kuwa theluji imeanguka. Ilikuwa mvua ya mawe. Jina tulikuwa nalo, jina zuri linaloeleweka na mtoto, tukaliacha tukakimbilia la mbali.

Mtaalamu wa fizikia ataniambia kuwa upepo wa ziwa nao una ukingo wake wa mbele, na kwamba ukingo huo ni ndugu mdogo wa ule wa Bergen. Nakubali. Hata hivyo ndugu si mtu mmoja. Napendekeza ule wa Ulaya tuuite mpaka wa hewa, na huu wetu tuuite makutano ya pepo, ili mwanafunzi asidhani anasoma jambo moja. Wenzetu wa pwani hawakungoja kitabu kuzipa pepo zao majina: kaskazi, kusi, matlai, umande. Walimu wa jiografia wangeanza na ziwa na mlima, kisha ndipo wavuke kwenda Norwe.

Nilipokuwa nikiondoka, msichana yule alinifuata hadi kwenye gari. “Mwalimu, na mtihani ukiniuliza, nichore upi?” Nilimwambia achore yote miwili na aandike mahali pa kila mmoja. Sikuwa na hakika kama msahihishaji angempa alama.